Funguo Si Hati: Kukodi Nyumba Nairobi Bila Kutapeliwa

Utapeli wa nyumba hapa Nairobi huonekana hivi siku ya kuhamia. Tarehe mosi, saa mbili asubuhi, pikapu mbili zinafika kwenye geti moja la ploti, yaani jengo la nyumba za kupanga, kule Roysambu. Kila moja imebeba godoro, mtungi wa gesi, ndoo na meza iliyofungwa kwa kamba ya manila. Mmoja anamwambia mlinzi anaingia B7. Mwenzake anashuka na risiti mkononi, na risiti yenyewe ni ya B7. Keyateka, yaani mtunzaji wa ploti, anaitwa, anakuja akifuta mikono, anasema B7 ina mpangaji wake na hajatoa notisi yoyote. Aliyepokea dipoziti zote mbili hapatikani kwa simu.

Watu wakisikia hivyo huuliza: kwani hawakuenda kuiona nyumba? Walienda. Waliingia ndani, wakafungua bomba, wakahesabu soketi, wakauliza kama maji hukauka. Waliikagua nyumba vizuri sana, ila hawakumkagua aliyewafungulia mlango. Mtu mwenye funguo anaweza kuwa mpangaji anayehama na madeni, mgeni aliyelipia siku tatu, fundi wa rangi, au hata keyateka halali anayekula pesa za tajiri wake. Ndiyo maana nasema kazi ya mwenye kutafuta nyumba ni kuhakikisha mambo matatu yameshikana: mtu unayeongea naye, nyumba anayokuonyesha, na namba anayotaka ulipe. Moja likiwa limelegea, usitoe hata shilingi.

Tuanze na utapeli mdogo, kwa sababu ndio watu huuchukulia rahisi. Unaona kwenye Facebook au TikTok picha za bedsita safi, nyumba ya chumba kimoja, karibu na Thika Road, vigae vinang'aa, kodi iko chini ya zile ulizozoea. Unapiga simu. Unaambiwa ada ya kuonyeshwa ni 1,000, uitume kwanza ndipo utumiwe lokesheni. Ukituma, moja kati ya mambo mawili hutokea. Ama simu haishikwi tena, ama unatembezwa kwenye nyumba tatu: ya kwanza ina mtu, ya pili bei imepanda ghafla, ya tatu inanuka mfereji na maji hayajafika wiki nzima. Kisha unaambiwa "hizo ndizo ziko kwa sasa". Ajenti wa namna hii akipata watu kumi kwa siku, ana 10,000 mfukoni na hakuhitaji nyumba hata moja. Ndiyo sababu tangazo lenyewe halitoki. Utalikuta pale mwezi ujao na picha zilezile.

Wapo maajenti waaminifu wanaotoza ada hiyo, na kumtembeza mtu kwenye jua kuanzia Zimmerman hadi Kahawa West ni kazi. Utawatofautisha kwa swali moja tu: "Nitakulipa tukiwa getini, sawa?" Mwaminifu atakubali, kwa sababu anajua nyumba ipo. Pia atakuambia jina la jengo kabla hamjakutana, ghorofa, na kodi kamili pamoja na maji na taka. Atatoza mara moja, hataomba ada mpya kwa kila nyumba. Kisheria, anayefanya kazi ya uwakala wa nyumba anatakiwa awe amesajiliwa chini ya Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, na bodi ya usajili inayojulikana kwa herufi EARB. Muulize namba yake ya usajili, uitafute kwenye orodha ya bodi, kisha piga simu ya ofisi uliyoipata wewe mwenyewe, usitumie ile aliyokupa. Ajenti wa mtaani asiye na ofisi mara nyingi hatakuwa na namba hiyo. Hilo peke yake halimfanyi mwizi, lakini ina maana hakuna bodi utakayomshtakia akikukosea, kwa hivyo pesa ya kodi na dipoziti isipitie mikononi mwake kamwe.

Kabla ya kupoteza nauli, zikague picha zenyewe. Ziweke kwenye Google Lens, ile programu ya kutafuta kwa picha, uone kama zimewahi kutumika mahali pengine. Picha moja ikitokea Kilimani kwa 55,000 na Ruaka kwa 18,000, hapo hakuna nyumba. Angalia kona za picha: mara nyingi chapa ya mwenyewe imekatwa au imefunikwa kwa kibandiko. Angalia soketi ukutani. Kenya tunatumia zile za pini tatu bapa. Ukiona soketi za matundu mawili ya duara au za pini mbili nyembamba, picha imetoka nchi nyingine. Angalia madirisha na mlango: ploti nyingi za Nairobi zina grili, hasa ghorofa za chini. Bafuni utaona ile shawa ya stima inayochemsha maji palepale, na bomba la kawaida chini yake kwa ajili ya ndoo. Nyumba ya picha isiyo na chochote kati ya hivi, na kodi ya Githurai, haipo Githurai.

Kama uko Kisumu au Voi na unahamia Nairobi, omba mpigiane simu ya video ya WhatsApp akiwa ndani ya nyumba. Video iliyorekodiwa haisaidii kitu. Mwambie afungue bomba la jikoni, awashe taa, kisha atoke aonyeshe namba ya mlango, ngazi, geti na barabara bila kukata. Hilo linathibitisha kwamba nyumba ipo na kwamba ana funguo, basi. Bado hujui kama ana haki ya kuipangisha. Mtume ndugu au rafiki aliye Nairobi akamalizie kazi ninayoieleza hapa chini, na ikiwa huna mtu, lipia chumba cha wageni kwa siku mbili ufanye mwenyewe. Gharama ya siku mbili haifikii dipoziti.

Mgeni wa siku tatu anayejifanya mwenye nyumba

Upande wa Kilimani, Kileleshwa na Westlands kuna utapeli wa kiwango cha juu kidogo. Mtu anakodi fleti ya Airbnb, zile za wageni wa siku chache, kwa usiku tatu. Siku ya kwanza anaitangaza kama nyumba ya kupangisha, "mwenyewe anahamia ng'ambo, vitu vyote vinabaki". Siku ya pili na ya tatu anapokea watafutaji, kila baada ya nusu saa. Nyumba ni nzuri, mlinzi anamfungulia geti, lifti inafanya kazi. Anataka kodi ya mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mmoja au miwili, na anataka leo kwa sababu "ndege ni kesho usiku". Akipata watu watano, ameondoka na kodi ya miezi kumi hadi kumi na mitano ya nyumba hiyo.

Fleti ya wageni hujitambulisha yenyewe ukiitazama kwa makini. Karibu na mlango, au kwenye reli ya ngazi, kuna kisanduku kidogo cha chuma chenye namba za kuzungusha. Ndani yake ndimo funguo huachwa. Ukutani au juu ya friji kuna karatasi yenye nywila ya Wi-Fi na kanuni za nyumba. Taulo zimekunjwa kitandani kwa mtindo wa hoteli, sabuni ni vichupa vidogo, na kabatini hakuna nguo wala barua wala bili ya mtu yeyote. Mtu anayedai ameishi hapo miaka minne hajui swichi ya shawa iko wapi. Muulize swali la nyumbani: taka huchukuliwa siku gani? Mita ya stima ya nyumba hii ni ipi kati ya hizi? Mwenye nyumba anajibu bila kufikiri.

Kisha shuka hadi ofisi ya usimamizi wa jengo. Majengo hayo karibu yote yana msimamizi anayekusanya ada ya huduma ya kila mwezi kutoka kwa wenye fleti. Usimuulize "hii fleti ni ya nani?", kwa sababu huenda asitake kutaja majina ya watu. Mtajie jina ulilopewa umuulize kama ndilo analolijua kwa fleti hiyo. Jibu ni ndiyo au hapana, na hilo latosha. Mlinzi naye ana daftari la wageni. Kama huyo "mwenye nyumba" ameandikwa humo juzi kama mgeni, umeshapata jibu lako.

Waulize wanaoishi hapo

Hili ndilo ningekushikilia ulifanye hata ukiacha mengine yote, kwa sababu halina gharama na tapeli hana njia ya kulizuia. Rudi kwenye jengo mara ya pili, peke yako, bila kumwambia aliyekuonyesha nyumba. Nenda jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, watu wakitoka kazini. Simama karibu na ngazi au kwenye kamba za nguo, msalimie mpangaji, useme unafikiria kuhamia hapo. Kisha uliza: "Samahani dada, kodi hapa mnalipia wapi?"

Atakutajia Paybill (namba ya biashara ya kulipia kwa M-PESA), au akaunti ya benki, au jina la keyateka. Linganisha na ulichopewa, tarakimu kwa tarakimu. Muulize mtu wa pili wa ghorofa nyingine, asiyemsikia wa kwanza. Kwenye ploti nyingi namba ya kulipia imebandikwa ukutani karibu na mita au nyuma ya geti, pamoja na onyo la kuchelewesha kodi baada ya tarehe 5. Isome. Namba ya wapangaji wawili na ya ukutani zikiwa moja, na uliyopewa wewe ni nyingine, usiulize sababu. Sababu zipo tele na zote zimetungwa vizuri: Paybill iko chini wiki hii, hiyo ni ya wapangaji wa zamani, nyumba yako iko chini ya dada yake mwenye ploti.

Kwa wapangaji haohao utapata mambo mengine. B7 ina mtu au haina? Aliyekuwamo alihama lini? Keyateka anaitwa nani, na anaishi chumba kipi? Je, watu wakihama hurudishiwa dipoziti, au hukatwa yote kwa jina la rangi? Maji huja siku gani? Mama mboga wa nje ya geti na mwenye duka la M-PESA la chini wanajua zaidi ya unavyodhani: wanajua mwenye ploti akija na gari gani, na wanajua kama wiki iliyopita watu walikuja hapo wakilia na vitu vyao. Mwenyekiti wa Nyumba Kumi, ule mpango wa usalama wa mtaa, pia anaweza kukuambia ploti ni ya nani.

Kuna kisa kingine ambacho wapangaji pekee ndio watakufichulia. Mpangaji wa nyumba fulani ana deni la miezi mitatu. Anataka kutoroka, na anaona ana kitu kimoja cha kuuza: mlango ulio wazi. Anakuambia anahama, anakupangishia kwa kodi nafuu kidogo, anataka dipoziti umrudishie yeye "maana yangu iko kwa mwenye nyumba, utaichukua wewe ukihama". Inasikika kama hesabu ya haki. Lakini mwenye ploti hakujui, dipoziti yake imeshaliwa na deni, na wiki ya pili unapata kufuli la pili limewekwa juu ya lako. Kukabidhiana nyumba mpangaji kwa mpangaji kunawezekana tu mwenye ploti au ofisi yake ikiwa mezani pamoja nanyi, na risiti mpya imeandikwa jina lako. Ukisikia "mwenyewe hapendi kusumbuliwa", ujue huyo mwenyewe hajaambiwa.

Namba inayopokea pesa

M-PESA hukuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa haijaondoka. Lisome lote, usilipite. Jina likiwa tofauti na la kitambulisho alichokuonyesha, simamisha. "Ni laini ya bibi yangu", "ni ya karani wetu", "yangu imejaa": haya yote hujibiwa kwa neno moja, kwamba utalipa kwenye namba ya jina lililo kwenye mkataba. Kulijua jina hata kabla hujakutana naye ni rahisi: anza kumtumia kiasi kidogo, soma jina, kisha katisha. Usitegemee Truecaller, ile programu inayoonyesha jina la anayepiga, kwa jambo hili. Majina ya pale hutokana na jinsi watu walivyohifadhi namba, na mwenyewe anaweza kujiandika vyovyote. Mtu akijiita "Landlord Kasarani" haimaanishi ana ploti.

Kwa usalama, Paybill ya ploti yenyewe ndiyo bora, ile ambayo akaunti unaandika namba ya nyumba, kwa mfano B7, na jina linalotokea ni la ploti au kampuni. Till, namba ya kulipia dukani, inafuata, ila jina la biashara lisikulevye. Neno "Apartments" haliuzwi ghali. Ya mwisho ni kutuma kwa namba ya mtu, na hapo ndipo pesa nyingi hupotelea.

Palipo na mtego usiojulikana sana ni Paybill za benki. Namba 247247 ni ya Equity na 522522 ni ya KCB; ukilipa kupitia hizo, jina unaloliona laweza kuwa la benki, na namba ya akaunti umeiandika wewe kama ulivyopewa. Tapeli atakuambia, "Si umeona ni benki? Benki haiwezi kukuibia." Benki haina kosa, imepeleka pesa kwenye akaunti uliyoitaja. Swali ni akaunti hiyo ni ya nani. Ikiwa kiasi ni kikubwa, nenda tawini, jaza karatasi ya kuweka pesa kwa jina kamili na namba ya akaunti, na kabla hujatoa noti mwombe karani athibitishe kama jina na namba vinalingana. Foleni ya nusu saa si kitu ukilinganisha na 90,000.

Pesa ya kushikiwa nyumba nayo ina lugha yake: "Boss, kuna watu watatu wanaitaka hii, tuma hata elfu mbili nikushikie." Presha hiyo ni ya kweli mwisho wa mwezi, maana nyumba nzuri huenda haraka, na tapeli anaijua presha hiyo kuliko wewe. Ndiyo maana Januari na Septemba, wanafunzi wakitafuta vyumba karibu na Kenyatta University na USIU, matangazo ya uongo huwa mengi. Kama unataka kweli ishikwe, lipa kiasi hicho kwenye Paybill ileile ya kodi, upewe risiti inayosema ni sehemu ya kodi na itarudishwa nyumba ikikosekana. Ukikataliwa hivyo, iache iende. Nyumba ya kukosa ni bora kuliko nyumba isiyokuwepo.

Na ukishaingia, jihadhari na ile meseji ya kati ya tarehe 28 na 5: "Habari, ile kodi usitume kwa ile namba, tuma kwa hii." Hutumwa kwa maelfu ya watu ovyo, na humpata yule ambaye siku hiyo alikuwa anakaribia kulipa. Usijibu hapo. Mpigie keyateka au ofisi kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Niseme pia habari ya keyateka halali, kwa sababu inaumiza zaidi. Anaishi hapo, wapangaji wanamjua, funguo ni zake kweli. Anakuomba dipoziti taslimu au kwa laini yake, "nitampelekea mzee". Miezi sita baadaye mzee anakagua daftari na wewe humo. Kisheria unaweza kubishana, lakini utabishana ukiwa nje na vitu vyako. Mpe keyateka heshima yake, mpe hata chai kwa msaada wake, lakini kodi na dipoziti zifuate namba ya mwenye ploti.

Kwa nyumba za pesa nyingi

Kwa bedsita ya 8,000 sitakushauri uende mbali zaidi ya hapo. Lakini ukiombwa kodi ya 60,000 na dipoziti ya miezi miwili, hiyo ni 180,000 siku moja, na inafaa ufanye upekuzi rasmi wa hati. Kwa Nairobi upekuzi hufanyika kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa mtandaoni wa kumbukumbu za ardhi uliozinduliwa mwaka 2021. Unahitaji namba ya hati, na mwenye nyumba wa kweli mwenye nia njema anaweza kukupa. Matokeo yatakuonyesha jina la mmiliki, na kama kuna mkopo wa benki au zuio juu ya mali. Mkopo si dhambi, majengo mengi yamejengwa kwa mikopo, lakini ukikuta zuio au jina tofauti kabisa, uliza kwa maandishi upate jibu kwa maandishi. Anayesema yuko Marekani au Qatar na atakutumia funguo kwa parseli, mwambie akuelekeze kwa wakala wake aliye hapa mwenye barua ya idhini na ofisi unayoweza kuingia. Asiye naye, usiendelee.

Karatasi

Wengi wetu hutia sahihi bila kusoma kwa sababu tunaona mkataba ni wa kumlinda mwenye ploti. Kumbuka Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, pamoja na baraza lake, inahusu nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi. Wapangaji wengi wa Nairobi wako juu ya hapo. Kwa hivyo mkataba ndio ngao yako.

Uwe na majina kamili na namba za vitambulisho za pande zote mbili, jina la jengo na namba ya nyumba, kodi na siku ya kulipa, Paybill au akaunti ya kulipia, kiasi cha dipoziti, kinachoweza kukatwa humo na siku ngapi itachukua kurudishwa, muda wa notisi, na nani analipia maji, taka na taa za ngazi. Neno "rangi" liwe limeandikwa: utapaka wewe ukihama, au haitakatwa. Hilo peke yake huzuia ugomvi mwingi.

Siku ya kuchukua funguo, piga picha mita ya maji na ya stima zikiwa na tarakimu zake, na urekodi video ya kila chumba, mlango hadi mlango, pamoja na nyufa, kioo kilichovunjika na sinki linalovuja. Mtumie mwenye ploti kwenye WhatsApp siku hiyohiyo ili tarehe ibaki. Nunua tokeni ya stima ya 100 uiweke kwenye mita mbele ya keyateka, usiache hili. Ukikuta mita si ya nyumba hiyo, au uniti ni chache kuliko kawaida kwa sababu kuna deni la zamani linalokatwa, ni afadhali ijulikane kabla hujalaza godoro. Kisha badilisha kufuli jioni hiyo. Hujui nakala ngapi za ufunguo zimeshazunguka mtaani.

Ikishatokea

Dakika za kwanza ndizo za maana. Peleka meseji ya muamala kwenda 456, namba ya Safaricom, mara moja uombe urejeshwe. Pesa ikiwa bado iko kwenye laini yake kuna nafasi, ikishatolewa kwa wakala nafasi ni finyu mno. Meseji alizokutumia zipeleke 333, namba ya Safaricom ya kuripoti utapeli. Usimtukane wala kumwambia unaenda polisi, maana atatoa pesa haraka na kufuta akaunti. Piga skrinshoti za mazungumzo, tangazo na wasifu wake huku namba ya simu ikionekana, siyo jina tu ulilomhifadhia. Usifute chochote.

Nenda kituo cha polisi kilicho karibu na nyumba yenyewe, uandikishe kwenye daftari la matukio, na usiondoke bila namba ya OB. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake hufika miaka mitatu. Unaweza pia kupiga simu ya bure ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, 0800 722 203. Na mwambie mwenye ploti halali, kwa sababu huenda wengine watatu wamelipia nyumba ileile na mkienda pamoja kesi ina uzito zaidi.

Kama aliyekula pesa anajulikana, kwa mfano keyateka, ajenti mwenye ofisi, au mwenye ploti anayekataa kurudisha dipoziti, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria yake ya mwaka 2016 inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Utabeba mkataba, taarifa ya M-PESA, risiti, video ya siku uliyoingia na ya siku uliyotoka.

Halafu, ukiweka malalamiko yako hadharani kwenye Facebook, ndani ya saa moja kuna mtu atakuandikia faraghani. Atasema yeye pia aliibiwa na ajenti huyohuyo, na kuna kijana wa kompyuta, au afisa fulani, aliyemrudishia pesa zote kwa ada ya 3,000 tu. Atakutumia na picha ya muamala. Huyo naye ni tapeli, na mara nyingine ni yuleyule wa kwanza kwa laini nyingine. Mzuie, hifadhi namba yake, uiongeze kwenye taarifa yako ya OB.